Wekundu wa Makaa: Mwanamke Aliyesoma Kosa Lake Kwenye Mashavu ya Samaki

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku ya Ijumaa. Ukungu bado umelala juu ya mabwawa ya samaki kwenye barabara ya Buluo, nje kidogo ya mji wa Likasi. Henriette Kisimba anakunja kitenge chake juu ya magoti, kisha anainama kwenye beseni kubwa la saruji.

Ndani ya beseni mna tilapia sitini na kitu. Viputo vidogo vinapanda kutoka kwenye bomba lililolazwa chini ya maji. Samaki hawaruki wala hawapigi mikia. Wanapunguza mwendo, wanaegemea ubavu mmoja mmoja, wanazama taratibu.

"Hapana kuzungumuza sasa," anasema bila kugeuka. "Ngoja ya mwisho ilale."

Viputo hivyo si hewa tuliyoizoea. Ni gesi ya kaboni monoksaidi, ile itokayo kwenye makaa yanayowaka huku yakikosa pumzi. Hatua chache kutoka kwenye beseni, chini ya paa lisilo na kuta, pipa la chuma limemeza makaa na kufungwa. Gesi yake inapitishwa kwenye maji ili ipoe, kisha inasukumwa hadi kwa samaki. Juu ya nguzo kimetundikwa kifaa cheupe kinacholia gesi ikiwazidi watu. Vilinunuliwa viwili mjini Lubumbashi, kimoja kimekwisha kuharibika.

Hiyo ndiyo kazi ya Henriette, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu: kuua samaki bila kuwatesa. Analipwa faranga laki mbili na nusu kwa mwezi, na kwa pesa hiyo nyumba yake inakula unga, si kila siku na kitoweo.

Lakini si mshahara unaomkosesha raha, ni jambo jingine. Miaka tisa iliyopita alimfukuza nyumbani mama mkwe wake kwa kumwita mlozi. Sasa anataka kumrudisha, na samaki hawa ndio mashahidi wake. Muda haumsubiri. Bibi huyo ana miaka sabini na minne na kifua kinamsumbua.

Henriette alianza kazi hapa miaka sita iliyopita. Wakati huo samaki waliuawa kwa kipande cha mti, au walimwagwa tu kwenye nyasi wakatweta mpaka wakanyamaza wenyewe.

"Ingine unapiga mara moja, inakufa," anakumbuka. "Ingine unapiga mara tatu na inakuangalia tu. Ile macho haifungake. Unarudia ku nyumba, ukitaka kukula, unaiona mu sahani."

Mwenye mabwawa ni Étienne, mtaalamu wa kilimo aliyesomea Lubumbashi, ambaye wafanyakazi wote humwita Ingénieur. Alikuwa amesoma kwamba kuna nchi zinazojaribu kuwalaza samaki kwa gesi hii kabla ya kuwachinja, ili wasiumie na nyama isikakamae. Mitungi ya gesi hakuiweza kwa bei. Makaa, Likasi, hayajawahi kukosekana. Mwezi Septemba mwaka jana akajenga pipa lake.

Wenzake Henriette, ambao hawakosi utani hata mbele ya kifo, walilibatiza beseni lile "dortoir", yaani bweni. Yeye hajawahi kulitamka jina hilo. Akilazimika kulitaja husema "ile kintu" tu, na wenzake wamejifunza kutocheka anapokuwa karibu.

Siku ya kwanza ya gesi, anasimulia, kila kitu kilikwenda vizuri. Samaki walilala. Akachukua kisu, akamlaza wa kwanza juu ya ubao, akafungua shavu lake ili akate.

Shavu lilikuwa jekundu. Si wekundu wa kawaida wa samaki mbichi, ambao mama yeyote wa sokoni anaujua. Huu ulikuwa wekundu unaong'aa, wa kupendeza, kama tunda lililoiva. Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu. Kisha akaenda nyuma ya pipa akatapika.

"Nilishaona ile rangi mara moja tu mu maisha yangu," anasema. "Ku midomo ya mutoto wangu."

Mtoto huyo aliitwa Hadassa. Alikuwa na miaka sita.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati baridi ya Katanga inapouma hadi kwenye meno. Familia iliishi, kama inavyoishi hadi leo, katika nyumba ya kambi ya zamani ya wafanyakazi kwenye komuni ya Panda. Clovis, mume wa Henriette, alikuwa mchimbaji mdogo huko Kakanda na alirudi mara moja kwa wiki mbili. Hadassa alikuwa na kikohozi, na alilala chumba cha nyuma pamoja na bibi yake, Marcelline, mama yake Clovis.

Jioni ile Henriette alifanya alichofanya kila mama wa mtaa ule. Alingoja mbabula, jiko lao la makaa, liache kutoa moshi. Makaa, ambayo wenyewe huyaita makala, yalipokuwa mekundu matupu aliliingiza chumbani ili mtoto apate joto.

"Makala ikishaacha moshi, sisi tunasemaka ilishaiva, haina na mubaya tena," anasema. "Mama yangu alifanya vile. Na kambo yangu, mama ya mama. Na minye njo niliziba mulango chini na kitenge, baridi isiingie."

Alfajiri, aliyemwona Marcelline wa kwanza alikuwa jirani, Georgette, akienda bombani kuchota maji. Bibi alikuwa amelala kifudifudi uani karibu na ukuta, kitenge kimefunguka, matapishi mdomoni, hawezi kusema.

Msomaji wa mbali aelezwe jambo moja hapa. Katika mitaa hii watu huamini kwamba walozi husafiri usiku kwa ndege isiyoonekana, na kwamba ndege hiyo ikipata ajali, rubani wake hukutwa alfajiri ameanguka chini, nusu uchi, amepoteza kauli. Georgette alikuwa amelisikia hilo tangu utotoni. Mbele yake sasa kulikuwa na bibi kizee aliyeanguka chini, nusu uchi, amepoteza kauli.

Akapiga kelele: "Ndege yake ilianguka!"

Watu wakajaa. Henriette akakimbilia chumba cha nyuma.

"Nilizania analala," anasema. "Midomo nyekundu. Ndani ya mikono, rose, sawa ua la waridi. Kucha, rose. Alikuwa mutoto muzuri kupita siku zote. Minye nikamwambia, Hadassa, lamuka, kambo yako anagonjwa."

Kinamama wa kanisa lao walipoona rangi ile walisema damu bado iko macho, mtoto hajaenda mbali. Wakafunga mlango wakamwombea afufuke, wakaimba, wakakemea, mpaka saa sita mchana. Mwili ulipokuwa baridi kabisa, maombi yakageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu wa kumkalia.

Marcelline wakati huo alikuwa ameweza kuketi, kichwa mikononi. Aliwaambia alichokikumbuka: alishikwa na kichwa kizito, akatoka ili atapike, miguu ikamwishia nguvu uani. Hakuna aliyesikiliza. Swali lao lilikuwa moja, na kwao lilitosha: bibi na mjukuu walikuwa chumba kimoja, kwa nini mmoja alitoka na mwingine akabaki?

Lisemwalo lipo, watu walisema. Methali hiyo imewaponza watu wengi wasio na hatia, na siku ile ilimponza Marcelline.

Hakuna aliyefikiria hospitali. Mtoto aliyeliwa na mlozi, daktari atamfanyia nini? Hakuna aliyelitazama jiko lililokuwa limezimika pembeni mwa kitanda. Kiongozi wa kanisa alisema ameonyeshwa katika maono kwamba bibi amemtoa mjukuu kafara, na neno lake likafunga shauri.

Henriette mwenyewe ndiye aliyefungasha nguo za mama mkwe wake na kuzitupa barabarani. Hajifichi kwenye hilo. Marcelline aliondoka kwa barabara kubwa, mchana, mtaa mzima ukimtazama. Mawe yalirushwa. Moja lilimpata kwenye jicho la kushoto, na jicho hilo halikuona tena.

"Nani alitupa lile jiwe? Siyui," anasema Henriette. "Lakini minye nilikuwa kati yabo. Sikusema muache. Nilipenda afe."

Kwa miaka tisa jina la Marcelline halikutamkwa ndani ya nyumba ile. Clovis, aliyerudi kutoka Kakanda akakuta kaburi bichi na mama yake hayupo, hakumtetea mama wala hakumlaumu mke. Kimyakimya alimpangia mama yake kibanda huko Kakanda, akawa anampelekea unga kila alipopata.

Basi, turudi kwenye mabwawa, siku ile ya Septemba. Henriette alipomaliza kutapika alinawa uso, akamwendea Étienne. Étienne hakujua habari za Hadassa. Alimwona mfanyakazi mwenye swali, akafurahi kulijibu.

"Ingénieur, juu ya nini samaki iko nyekundu vile?"

"Ni ile gaz, Mama Henriette. Inakamata damu, inaigeuza rouge. Inakamata nafasi ya hewa, njo maana samaki inalala."

"Inatoka mu makala?"

"Mu makala, voilà."

"Hata makala ya mu mbabula?"

"Hata ya mu mbabula."

"Hata kama moshi ilishaisha?"

"Hasa kama moshi ilishaisha, Mama. Sababu unaingiza mu nyumba bila woga. Haina na harufu, haina na rangi. Mbele ya yote muntu anasikia kichwa inamuuma, anatapika, miguu inalegea. Akitoka inje kwa bahati, anapona. Asipotoka, analala."

Étienne anasema alimwona mama yule akikaa chini, polepole, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwuliza kama anaumwa. Henriette akajibu hapana, akarudi kwenye ubao wake. Siku ile alichinja na kusafisha samaki mia mbili na kumi na wawili, na hakuna aliyelalamikia kazi yake.

"Nilikuwa naogopa kuacha kisu," anaeleza. "Niliwaza, nikiacha mikono, nitalia, na nikianza kulia nani atanyamazisha minye?"

Tangu siku ile mbabula haijaingia tena ndani ya nyumba yake. Anapika nje, mvua inyeshe isinyeshe. Clovis aliporudi mwisho wa wiki, alimweleza yote. Clovis alisikiliza hadi mwisho, akatoka, akaketi kwenye kizingiti akiwa amempa mgongo, akakaa hapo mpaka chakula kikapoa.

Kisha akasema neno moja tu, ambalo mkewe amelibeba tangu hapo: "Miaka kenda."

Mwezi Machi mwaka huu wakaenda Kakanda wawili. Henriette alibeba ndani ya kikapu samaki mmoja aliyelazwa kwa gesi, mzima na mashavu yake. Alitaka mama mkwe auone ule wekundu kwa jicho lililobaki, aelewe, na pengine asamehe.

Clovis, katika ukimya wake wa miaka yote, hakuwa amemwambia mkewe jambo moja. Jicho la pili la Marcelline lilikuwa limeshafunikwa na ukungu wa uzee. Bibi haoni tena.

Henriette alisimama mlangoni na samaki mkononi, shavu limefunguliwa, mbele ya mwanamke kipofu. Ilimbidi aeleze kwa mdomo: makaa, gesi, kitenge chini ya mlango. Hakuruka kitu. Marcelline alinyoosha mkono, akampapasa samaki, akaingiza kidole kwenye shavu.

"Iko baridi," alisema. Kisha akauliza: "Mutoto alisikia uchungu?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza baada ya miaka tisa. Hakuuliza habari za jicho lake, wala za nyumba yake.

"Hapana, Mama," Henriette alimjibu. "Nilishaona samaki mingi sana. Zinalalaka tu."

Si kweli yote. Étienne mwenyewe hafichi kwamba wapo samaki wachache wanaoshtuka na kupigapiga kabla ya kutulia. Henriette anawajua kuliko yeyote, kwa sababu hubaki juu ya beseni kila mara, akiwahesabu kwa macho.

"Kama bote banalala kimya, ile siku nakula, nalala," anasema. "Kama moja inapiga-piga, ile siku silale. Ile, Mama sikumwambia. Nitamwambia nini?"

Kisha akamwomba mama mkwe arudi Panda. Hapo Marcelline akakaza sauti.

"Weye unaniletea minye ushahidi? Minye niliyua tangu ile siku kama si minye nilikula mutoto. Ende uonyeshe bale benye hawakuyua. Minye niliondoka mu njia ya mbele, bantu bote banaangalia. Sitarudia mu njia ya nyuma."

Basi shauri likawa hivyo. Ili bibi arudi, Henriette lazima asimame mbele ya watu walewale na kusema aliyeliingiza jiko chumbani ni yeye.

Alianzia kanisani. Kiongozi aliyeona maono alimpokea vizuri, akamsikiliza, akampa masharti. Atoe ushuhuda, ndiyo, lakini asiitaje mbabula. Aseme shetani aliwadanganya wote. Henriette alikataa.

"Shetani hakuziba mulango," anasema. "Niliziba minye."

Mficha uchi hazai, na Henriette ameamua kutoficha. Kanisani hawatampa nafasi, basi Jumapili hii ataketi kwenye lango, nje, wakati watu wanatoka. Mbele yake ataweka beseni lenye samaki wawili waliouawa leo Ijumaa, mmoja kwa gesi, mwingine kwa mti kama zamani. Jua la siku mbili litafanya kazi yake. Wote watanuka. Lakini wa mti mashavu yake yatakuwa yamegeuka kahawia, na wa gesi atakuwa bado mwekundu kana kwamba ametoka majini sasa hivi.

Analijua hilo kutokana na kazi. Wekundu huu huwadanganya wanunuzi, na kwa sababu hiyo Étienne ameamuru mashavu yote yakatwe kabla samaki hawajauzwa. Wachuuzi wa Panda walinuna mwanzoni. "Samaki bila mashavu iko sawa muntu bila carte ya kumutambulisha," walisema. "Anaficha kintu." Ikabidi Henriette awaeleze wote, mmoja mmoja, kwamba wekundu unaweza kukaa juu ya kitu kilichokufa zamani.

"Bale bamama ba ku église, karibu bote banauzisha samaki ao banainunua," anasema. "Hawasome kitabu, lakini mashavu banasoma. Batafungua bao benyewe."

Saa mbili na nusu, mchuuzi wa kwanza anafika na beseni lake kichwani. Ni Georgette, yule yule wa bombani, mwimbaji wa kwaya, mteja wa kila Ijumaa. Anapima samaki wake, anazungumza juu ya barabara na bei ya unga. Henriette anafunga mizani, anafuta mikono.

"Mama Hadassa, uko na shida gani leo?" Georgette anauliza. Mtaani bado wanamwita kwa jina la mtoto.

Henriette anafungua shavu la samaki ambaye hajakatwa, anamwonyesha, na anamweleza yote, kama alivyoeleza Kakanda. Georgette anatazama shavu. Mkono wake unapanda mdomoni na kubaki hapo.

"Ndege," anasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Minye njo nilisema ndege."

"Weye njo ulisema. Minye njo niliziba mulango."

Hakuna kati yao anayelia. Henriette anamwomba kitu kimoja: Jumapili asimame karibu naye langoni. Georgette anainua beseni lake, analiweka sawa kichwani, anapiga hatua tatu kisha anasimama.

"Nitakuja. Lakini minye sitasema kintu."

"Hapana kusema. Simama tu."

Mchana, kazi ikiwa imekwisha, Henriette anamchukua mwandishi wa habari hii hadi nyumbani kwake Panda. Chumba cha nyuma kimefagiliwa. Kuna kitanda kimoja, godoro jembamba na blanketi mbili zilizokunjwa. Clovis amemwahidi mkewe kwamba Jumatatu atakwenda Kakanda kumweleza mama yake jinsi Jumapili ilivyokwenda. Kama Marcelline ataridhika, watamwongoza kwa barabara kubwa, mchana, akiwa katikati yao.

Na kama hataridhika?

"Nitarudia Jumapili ingine. Na ingine. Mpaka bao benyewe bamwite Mama arudie mu barabara kubwa."

Kwenye ukuta wa chumba kile, juu kidogo ya kichwa cha kitanda, kuna tundu kubwa la mraba. Matofali yametolewa, na mahali pake pamewekwa wavu tu. Hakuna kioo wala ubao wa kufungia. Henriette alilitoboa mwenyewe kwa nyundo mwezi Aprili.

Juni imeingia, na upepo unaopita kwenye wavu ule tayari unauma. Mwandishi anamwuliza kama baridi haitamwingilia bibi.

Henriette anakisukuma kitanda, kichwa chake kikaribie tundu zaidi.

"Iingie," anasema.